Ndoo ya Theluji, Flagstaff

Saa nane usiku, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
Treni ya mizigo inapita bondeni, mabehewa mia na ushei,
na Delphine Yazzie ananyanyua kidole: subiri.
Tunasubiri kioo kiache kutetemeka.
Ndipo Iapeto anarudi katikati ya msalaba,
nukta tu,
punje ya chumvi iliyodondoka kando ya Zohali.

Sijawahi kuuona uso wake. Miaka sita namsoma
kama karani wa posta amjuavyo mtu kwa bahasha zake.

Mwanga huu ulitoka juani saa mbili na nusu zilizopita,
nilipokuwa natafuta soksi ya pili.
Ukafika kule, ukagonga ardhi,
ukatozwa ushuru,
ukarudi pungufu.

Huo upungufu ndio kazi yangu.
Mche unautandaza mwanga kama fundi na kitambaa mezani,
nami natafuta palipoliwa na nondo:
hapa, mikroni moja na nusu; hapa tena, mbili kamili.
Mashimo mawili. Barafu ya maji.
Hula rangi hizo hizo popote ilipo,
mwezini au ndani ya bilauri.

Lakini huo ni upande wake wa nyuma, ule mweupe.
Wa mbele ni mweusi kama kitako cha sufuria ya kuni
na haukiri kitu.
Mstari wake unapanda polepole kuelekea wekundu,
bila shimo, bila kona,
shahidi aliyekwisha kufundwa na wakili.

Jumanne Delphine alitoka na ndoo,
akachota theluji chini ya misonobari,
akakwangua masizi kwenye bomba la jiko.
Tukakoroga, tukamulika kwa taa, tukapima.
Nilidhani tutahitaji vijiko vitatu, vinne.
Ncha ya kijiko ilitosha
na theluji yote ikanyamaza.
Nikasema, kumbe weupe hauna nguvu.
Akacheka: wewe hujawahi kufua nguo.

Leo jua liko mgongoni mwetu kabisa,
jua, sisi, na yule, mstari mmoja.
Kila punje kule imekikalia kivuli chake
na mwezi unang'aa kuliko haki yake.
Nilipigwa picha hivyo Phoenix, ofisi ya uhamiaji:
taa usoni, ukuta mweupe, usitabasamu.
Kovu langu la tetekuwanga halikutokea.
Pua haikuwa na ubavu.
Nilimtumia mama. Akauliza, huyu nani?

Kwa hiyo tutarudi wiki ijayo, na ile ya pili yake,
mwanga ukianza kuja kwa pembeni kidogo,
nyuzi mbili, tatu, hatupewi zaidi ya sita,
vivuli vikianza kuchungulia nyuma ya punje.
Kwa vivuli nitajua kama ni unga au changarawe,
kama mguu ungezama
au ungeteleza.

Nyota njema huonekana asubuhi, walisema.
Sisi asubuhi tunafunga kuba na kwenda kulala.

Kabla ya kulala naweka mikondo miwili juu ya mmoja,
wa ndoo na wa mwezi.
Inalaliana vizuri kiasi cha kunifanya nimwite Delphine kwa sauti,
kisha naona kule kushoto, kwenye bluu,
pametengana upana wa unywele.
Kitu kinakula hapo. Si theluji. Si masizi.
Hatuna kijiko chake.

Delphine anautazama unywele ule muda mrefu,
kofia bado kichwani, barafu ikimyeyukia kwenye nyusi.
Haujibu. Anauliza kuhusu ndoo:
imekuwa maji sasa, na duara jeusi limeganda ukingoni.
Nimwage?
Nasema ngoja,
sijui nangoja nini,
na treni nyingine inaanza kupiga honi upande wa mashariki.